Shangazi, nataka kuunda ndege gerejini, lakini mke wangu ameapa hatapanda

Shikamoo Shangazi,

Naomba usinicheke. Nasoma safu yako miaka mingi sasa, na wenzangu wanakuletea mawifi, mahari na waume wanaoficha mshahara. Mimi nakuletea ndege.

Nina miaka 47, mzaliwa wa Pangani, naishi Brooklyn Park, Minnesota, tangu 2004. Ni fundi wa hita na viyoyozi. Mke wangu ni nesi, zamu zake ni za usiku. Tuna binti wa miaka 15 na mvulana wa miaka 11. Miaka minne iliyopita nilipata leseni ya urubani binafsi, na hadi leo nimerusha saa 170 hivi, karibu zote kwenye Cessna 172 ya kukodi hapa uwanja mdogo wa Crystal.

Sasa nataka ya kwangu, na nataka kuiunda mwenyewe. Kwa msomaji asiyejua: sheria ya Marekani inamruhusu mtu wa kawaida kuunda ndege nyumbani kwake, mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wasio wa kiwanda, kwa kujifunza au kujiburudisha. Kiwanda kinakuletea vipande kwenye makreti pamoja na michoro. Wewe unatoboa, unapiga ribiti (vipini vya chuma vinavyobana bati kwa bati), unaunganisha. Mwishoni anakuja mkaguzi, na akiridhika unapewa cheti cha ndege ya majaribio. Si jambo la vichaa wachache. Ndege za RV peke yake, za kiwanda cha Van's Aircraft kule Oregon, zilizokwisha kuruka zimepita 11,000.

Kila Julai inapokaribia kuisha watu hawa wanakutana Oshkosh, Wisconsin. Nilipokwenda mara ya kwanza nilifika alfajiri, nikatembea kwenye majani katikati ya safu za ndege mpaka viatu vikalowa umande. Kila ndege na mwenyewe kando yake: fundi bomba, mwalimu, dereva wa lori. Mzee mmoja alikuwa anapangusa bawa lake kwa kitambaa, polepole, vilevile alivyokuwa baba akipapasa ubavu wa mashua kabla haijashushwa majini. Baba alikuwa fundi wa mashua. Aliunda za watu kumi na kitu. Ya kwake hakuimaliza. Mataruma yalikaa mchangani mpaka watu wakaanza kuyachukua kuni.

Basi tangu siku hiyo silali vizuri.

Ninachotaka ni ndege ya safari, sio ya kupinduka angani. Kaka yangu yuko Dallas, kama kilomita 1,370 kwa njia ya anga. Shemeji zangu wako Columbus, Ohio. Kwa gari ni siku nzima ya kuendesha na nyingine ya kulala umechoka. Nimechuja nikabaki na tatu.

RV-9A ina viti viwili, ubavu kwa ubavu. Bawa lake refu linaifanya iwe mpole: hata ikipunguza mwendo mpaka karibu kilomita 80 kwa saa bado bawa linabeba, na kwa injini ya nguvu farasi 160 inasafiri kama kilomita 300 kwa saa. RV-10 ina viti vinne na injini ya silinda sita, nguvu farasi 260. Inakimbia zaidi kidogo, na inabeba watu wazima wanne huku tangi limejaa, kitu ambacho 172 ninayokodi haikiwezi. Ya tatu ni Sling TSi, viti vinne vilevile. Inatoka Johannesburg, inatumia injini ya Rotax ya nguvu farasi 141 yenye tabo, na inakunywa hata petroli ya gari. Hii naipenda kwa sababu ya ndoto niliyo nayo ya kuipakia kwenye kontena siku moja hadi Tanga, nizunguke Pangani, Pemba, Mafia, Kilwa, nishuke mpaka Mtwara.

Katikati ya kuchagua kukatokea mzee mmoja uwanjani. Ana RV-9A aliyoianza zamani: mkia umekwisha, mabawa yamekwisha, kiwiliwili kiko nusu. Macho yamemsaliti, anataka dola 22,000 kwa kila kitu, vifaa vyake vya kazi pia. Wenzangu kwenye klabu wamegawanyika. Mmoja ananiambia nichukue kesho asubuhi. Mwingine anasema mwanamume mwenye familia akiunda ndege ya viti viwili anatangaza talaka.

Akiba yangu ya jambo hili ni dola 90,000, nje ya akiba ya uzeeni na ya chuo cha watoto.

Mke wangu nilimwonyesha video mwezi wa pili. Aliitazama hadi mwisho, akasema, "Mimi sipandi ndege ya gereji," akaenda kulala. Nikirudisha mazungumzo anazungumzia bili.

Shangazi, nichague ipi? Na mama watoto nimwambieje?

Fundi wa Hita, Minnesota

•

Marahaba mwanangu.

Sijacheka. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa ndege hapa Dar es Salaam miaka ishirini na zaidi, na nyumba yetu ilinuka mafuta ya injini hata siku ya Idi. Kwa hiyo barua yako nimeisoma kama mtu aliyeletewa harufu ya zamani. Kisha nikampigia rafiki yake mmoja aliyehamia huko kwenu na aliyekwisha kuunda RV yake, tukaongea mpaka salio likaisha. Mengi ya kiufundi utakayosoma hapa ni yake. Ya nyumbani ni yangu.

Umeniuliza uchague ndege ipi. Nimehesabu mistari. Ndege tatu zimepata aya nzima na takwimu zake, mzee amepata aya yake, hata injini imepata sifa. Mke wako amepata mistari mitatu, na mmoja kati ya hiyo ni wa yeye kwenda kulala. Sisemi humpendi. Nasema unaifahamu kasi ambayo bawa la RV-9A linaacha kubeba kuliko unavyofahamu kwa nini mwenzio alisema lile neno.

Lakini tuanze na viti, maana ndipo ulipokwama.

Rafiki wa mume wangu anasema RV-9A huchukua saa 1,500 hadi 2,000 za kazi kwa mtu anayeanza, na RV-10 huzidi hapo. Wewe una kazi ya kutwa, na Minnesota majira ya baridi simu za fundi hita hazinyamazi. Tuseme unapata saa nane kwa wiki bila kuiba usingizi. Hiyo ni miaka minne ikiwa hakuna anayeumwa, hakuna msiba, hakuna mgeni kutoka nyumbani aliyekuja kwa wiki mbili akakaa miezi mitatu. Kwa viti vinne sema mitano, sita. Sasa chukua umri wa binti yako uongeze sita. Ana miaka 21. Mvulana ana 17, na mvulana wa miaka 17 huwezi kumpeleka Columbus kwa shangazi yake hata ukimpa usukani ashike.

Viti viwili vya nyuma unaviona leo vimejaa kwa sababu leo watoto wako nyumbani. Je, siku rafadha itakapozunguka mara ya kwanza, watakaokaa pale ni nani? Huenda ni kaka yako na mkewe. Huenda ni wajukuu, Mungu akipenda. Huenda ni mabegi. Yote ni majibu halali, lakini kila moja lina bei tofauti, na jibu la mabegi ndilo ghali kuliko yote. Fanya hivi: chukua daftari lako la urubani, angalia safari thelathini za mwisho, andika kila safari ulikuwa na nani. Usinitumie mimi. Liangalie tu.

Na yule mwenzako wa talaka, mwambie Shangazi anamsalimu. Watu wanaachana hata wakiwa na viti vinne.

Kuhusu fedha nitakuwa mkavu kidogo. Injini mpya ya Lycoming, aina inayowekwa kwenye RV nyingi, peke yake hupita dola 40,000, na ile ya silinda sita hupita hapo sana. Ongeza rafadha, redio, skrini, rangi, bima, na banda la kuiweka, maana ndege haikai barabarani kama gari. Waundaji wengi wa RV-10 wanaoweka injini mpya na skrini za kisasa hupita dola 200,000. Dola zako 90,000 ni fedha nyingi, mwanangu, na kwa RV-9A yenye injini iliyotumika na skrini za kiasi zinaweza kufika. Kwa viti vinne zinaanzisha kazi tu. Labda una mpango wa kuongeza kila mwaka. Wengi hufanya hivyo, wananunua mkia, wakimaliza wananunua mabawa, hivyo hivyo. Ila mpango huo umhusishe mtu anayezungumzia bili kila unapotaja ndege. Pengine bili ndiyo lugha yake ya kujibu swali lako, na wewe unadhani amebadilisha mada.

Halafu kuna kelele. Hili hukuliandika kabisa na mimi ndilo lililonishtua. RV-9A inapigwa ribiti nzito: mmoja anashika nyundo ya upepo upande huu, mwingine anashika chuma cha kukingia upande wa pili, na sauti yake, niliambiwa, ni kama bunduki ndani ya pipa. Kompresa nayo inaunguruma. Mke wako analala mchana. Gereji yako imeshikana na nyumba? Ribiti hizo ni maelfu. Sling kwa sehemu kubwa hutumia ribiti za kuvuta, zile unazoziingiza upande mmoja na mashine inazivuta, hazina kelele na mtu mmoja anatosha. Huenda hiyo ni sababu nzuri zaidi ya kuitazama Sling kuliko kontena la Tanga. Au huenda mabawa ya kelele yakaundwe kwenye banda la rafiki pale uwanjani, kwa gharama ya wewe kutoonekana nyumbani jioni. Kila njia ina anayelipa.

Lakini ribiti za kelele zina jambo moja jema: zinataka mikono minne. Binti wa miaka 15 anayeshika chuma upande wa pili wa bawa, jioni mbili kwa wiki kwa miaka mitatu, atakuwa amekaa na baba yake kuliko atakavyokaa naye kwenye kiti chochote cha nyuma. Kama anataka. Muulize, usimwajiri.

(Baridi ya gereji sitaizungumzia. Fundi wa hita akilia baridi gerejini kwake nitamwelekeza kwa washauri wengine.)

Sasa mzee. Dola 22,000 kwa mkia, mabawa na nusu ya kiwiliwili inasikika kama zawadi, na inaweza kuwa zawadi kweli. Lakini unanunua mikono ya mtu mwingine mahali usipoweza kuona, ndani ya bawa lililokwisha kufungwa. Mwombe daftari lake la ujenzi na picha zote. Bila hivyo utapata taabu kumwonyesha mkaguzi kwamba kazi ilifanywa na waundaji wa nyumbani, na wewe mwenyewe utapata taabu kupata kile cheti cha ufundi kinachomruhusu mwundaji kuikagua ndege yake kila mwaka, maana hupewa mwundaji mkuu, sio kila anayenunua. Ukikikosa, huenda kila mwaka ukamlipa fundi mwenye leseni.

Uliza vipande vilinunuliwa lini. Mwaka 2023 Van's walitangaza tatizo la nyufa kwenye matundu ya baadhi ya vipande vilivyokatwa kwa leza, na Desemba mwaka huohuo kampuni ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Imejipanga upya na inaendelea, kwa bei za juu kuliko zamani. Kama vya mzee ni vya miaka mingi kabla ya hapo, hilo la leza halimhusu, lakini kutu inamhusu kila mtu aliyeweka alumini gerejini miaka mingi. Chama cha waundaji, EAA, kina washauri wa ufundi wanaojitolea kuja kuangalia kazi bila malipo. Aje mmoja kabla hujatoa hata senti, na asiwe rafiki wa mzee wala wako.

Nasema haya nikimkumbuka mwimbaji John Denver. Alikufa Oktoba 1997 katika ghuba ya Monterey, California, akirusha ndege ya nyumbani aina ya Long-EZ iliyoundwa na mtu mwingine, ambayo alikuwa ameinunua muda mfupi tu kabla ya hapo. Mwundaji alikuwa amehamisha vali ya kubadilisha tangi la mafuta akaiweka nyuma ya bega la rubani, tofauti na mchoro. Wachunguzi walilitaja hilo miongoni mwa sababu. Ndege hiyo aliyeiunda aliizoea, aliyeinunua hakuizoea. Kwa hiyo ukimnunulia mzee, nunua pia muda wake. Mwombe aje kukaa kwenye kiti gerejini kwako, macho yake hayaoni ribiti lakini mdomo wake unakumbuka alichobadilisha na kwa nini. Nadhani naye angependa.

Tanga. Hapa moyo wangu uko nawe na ulimi wangu hauko nawe. Cheti cha ndege ya majaribio cha Marekani hakimo katika utaratibu wa nchi kutambuliana vyeti uliowekwa na Mkataba wa Chicago wa 1944 wa usafiri wa anga wa kimataifa. Kanada wamewekeana utaratibu na Marekani, lakini nchi nyingine nyingi lazima uziombe ruhusa zenyewe, na hapa nyumbani mwenye kauli ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Sisemi haiwezekani. Nasema waandikie kabla ya kuchagua injini kwa ajili ya petroli ya Kilwa. Ndoto ya kuja na ndege na ndoto ya kuiona Pemba kutoka juu zinaweza kutenganishwa. Ya pili unaweza kuitimiza likizo ijayo kwa kukodi kiti. Mimi nisingeiacha safari ya mwaka wa kumi inichagulie ndege ya miaka tisa ya kwanza. Lakini si mimi ninayekosa usingizi.

Kuna swali waundaji wenyewe huulizana na wewe hujajiuliza: unapenda kuruka au unapenda kuunda? Anayetaka kuruka hununua iliyokwisha. Kwa dola zako 90,000 unaweza kupata RV iliyotumika, au Cessna ya zamani yenye viti vinne, na mwezi ujao ukaenda Dallas. Kwa 172 ni karibu saa saba angani, kwa RV-9A kama tano ukihesabu kusimama kujaza mafuta. Watoto wangekuwa bado nyumbani. Hasara yake: utasikia sauti ya ribiti za watu Oshkosh na moyo utauma, na kama nilivyosema, ndege iliyoundwa na mwingine nayo ina siri zake. Faida ya kuunda: utaijua kama ulivyoujua uzi wa mashipi ya utotoni. Hasara: waundaji wengi huacha kuruka wakati wanaunda, fedha na jioni zote zinakwenda kwenye makreti, na siku ya kwanza ya ndege mpya wanapanda na mikono yenye kutu. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichunguza ajali za ndege hizi mwaka 2012, na ikaona kwamba saa za mwanzo kabisa, mikononi mwa mwundaji au mnunuzi mpya, ndizo zenye hatari kubwa, kwa injini kuzima na kwa rubani kupoteza udhibiti. Ukiamua kuunda, tenga fungu la kukodi 172 angalau mara mbili kwa mwezi miaka yote hiyo. Liandike kwenye bajeti sawa na alumini.

Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Wazee hawakuwahi kununua jembe la dola laki moja. Chagua, chukua muda wako.

Nirudi kwa mama watoto.

"Mimi sipandi ndege ya gereji." Umelisikia kama hofu ya kuanguka, na huenda ni hivyo. Kama ni hivyo, mwambie jambo ambalo huenda hajui: ndege mpya ya nyumbani kwa kawaida huruka saa 40 za mwanzo, au 25 kama injini na rafadha ni jozi iliyoidhinishwa, bila abiria kabisa. Hakuna atakayemwomba apande kabla haijajaribiwa. Lakini mke wa fundi ana hofu nyingine ambazo hazina uhusiano na anga. Mume wangu alipokuwa akiniambia "naenda mara moja tu kuangalia injini", mara moja ilikuwa saa nne usiku. Nesi anayerudi saa mbili asubuhi na kumkuta mume ameshaondoka kazini, akiamka jioni akamkuta gerejini, huyo atakuwa ameolewa na mlango. Aliitazama video hadi mwisho, umesema mwenyewe. Mtu asiyejali haitazami hadi mwisho.

Kwa hiyo kabla ya kumweleza, muulize. Siku yake ya mapumziko, chai, watoto hawapo, simu chini. "Uliposema vile, ulikuwa unaona nini?" Kisha unyamaze. Usitoe takwimu. Anaweza kukwambia fedha. Anaweza kukwambia aliwahi kumpokea majeruhi wa ndege ndogo kwenye zamu yake na hakukusimulia. Anaweza pia kukwambia kwamba hatapanda, leo wala kesho, na hilo litakuwa jibu kamili. Hapo ndipo swali la viti litakapobadilika sura: je, ndege ya safari ambayo mwenzio hapandi ni ndege ya nani? Wapo wanaume wanaoishi na jibu hilo vizuri, anaenda Dallas kwa kaka yake Ijumaa na kurudi Jumapili, na mke anafurahia ukimya. Wapo walioliuza bawa.

Mashua ya baba yako umeitaja kwa mistari michache ukapita haraka, "basi". Sitaichimbua zaidi ya ulivyotaka. Nitauliza tu kama mke wako anaijua hadithi hiyo. Kama hujawahi kumsimulia, basi anadhani umepata wazimu wa ndege ukiwa na miaka 47. Akiijua, huenda bado akakataa, lakini atakuwa anakataa kitu chenyewe.

Kama baada ya hayo yote bado mikono inawasha, ujue mkia huuzwa peke yake. Kwa kawaida ndicho kipande cha kwanza cha RV, ni sehemu ndogo ya gharama, na kinatosha kwenye meza mbili za gereji. Wengine humaliza mkia wakajua hii ndiyo kazi yao. Wengine wanajua hapohapo kwamba waliipenda Oshkosh, sio ribiti, wanauza mkia, wananunua ndege iliyokwisha, na wanalala. Jambo moja tu: usilipe amana ya seti nzima siku ya furaha, kwa kiwanda chochote.

Niandikie tena ukishazungumza naye. Na umuulize yeye, sio mimi, saa ngapi za mchana kompresa inaruhusiwa kuwaka.

Shangazi